Kosa Lifuate Kifaa

Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa nzima ikigoma, mlango wa kugonga unajulikana: unaibeba yote, unairudisha kwa aliyekuuzia, yeye na kiwanda wamalizane. Iliyounganishwa nyumbani haina mlango mmoja. Prosesa imenunuliwa duka hili, kadi ya picha duka lile, diski imeletwa na binamu aliyekuja likizo kutoka Dubai, na mikono iliyokaza skrubu ni ya mwenye mali mwenyewe. Ikigoma, kila mmoja ana mwenzake wa kumnyooshea kidole, na yawezekana wote wana ukweli kidogo.

Hoja iliyo mezani ni hii: kifaa kipya kikidhaniwa kibovu, mzigo wa kuthibitisha ni wa nani, na uthibitisho wenyewe ni kitu gani? Wasemaji ni watatu. Nimewatunga mimi ili wabishane, na nimewaweka Kariakoo kwa sababu huko ndiko vipuri vya namna hii hununuliwa kimoja kimoja, duka kwa duka. Mpwa ni kijana wa chuo aliyeunganisha mashine yake ya kwanza. Mjomba wake ni fundi wa kompyuta. Mwenye Duka ndiye aliyeuza prosesa, mazabodi na RAM. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Mashine ina prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi ya soketi ya AM5, RAM mbili za DDR5 za gigabaiti 16 kila moja zilizoandikwa kasi ya 6000, kadi ya picha ya bei ya kati na pawa saplai ya wati 650. Hakuna cha ajabu ndani yake.

MPWA: Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Mimi maneno yangu machache. Nimewasha, feni zote zinazunguka, taa za mapambo zinawaka, skrini nyeusi tii. Kwenye mazabodi kuna vitaa vinne vidogo: cha prosesa, cha RAM, cha kadi ya picha na cha diski ya kuwashia. Kinachobaki kinawaka ni cha RAM. Mashine imejipima yenyewe na imetaja jina. Naomba nibadilishiwe RAM.

MWENYE DUKA: Marahaba mwanangu. RAM nilikuuzia kwenye pakiti yake, hukuiona imefunguliwa. Hicho kitaa kinaniambia mashine imefika wapi, hakiniambii aliyeikwamisha ni nani. Watu wananiletea RAM hapa, naichomeka, inawaka. Wanaondoka nayo, jioni wananipigia simu haiwaki. Sasa hapo nibadilishe nini?

MJOMBA: Marahaba. Kabla hatujafika kwa mama, nijibu mimi. Ulisubiri muda gani?

MPWA: Dakika moja hivi. Nikazima, nikawasha tena. Nikafanya hivyo mara nyingi tu.

MJOMBA: Basi hukuipa nafasi. RAM za DDR5 kwenye AM5, ukiwasha kwa mara ya kwanza, BIOS inaanza kupima mawasiliano kati ya prosesa na RAM. Inajaribu kuwahisha hapa, kuchelewesha pale, mpaka ipate mpangilio unaoshika. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo skrini ni nyeusi na kitaa cha RAM kinawaka. Ukikatiza inaanza upya. Nenda kawashe, kisha kaa mbali nayo, chemsha chai.

Naingilia mapema kuliko nilivyokusudia. Kiwanda kinachoweza kukupa taa za mapambo zenye rangi zaidi ya milioni kumi na sita kinashindwaje kuweka njia ya kumwambia mtu asubiri? Kuna mazabodi zilizotoka zikiwa na karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya sloti za RAM ikieleza muda wa kusubiri, na hilo ni jambo la kiungwana. Nyingine zinaacha mnunuzi adhani amepoteza fedha zake. Mpwa hakukosea kusoma kitaa. Alisoma neno moja la sentensi ambayo haijaisha.

MPWA: Sawa, nimesubiri, imewaka. Lakini sikuja kwa hilo tu. Sasa inaingia Windows vizuri, halafu nikianza kucheza au kubana video inaganda. Mara gemu linajifunga lenyewe, mara skrini ya bluu. Na kila skrini ya bluu ina ujumbe wake: leo kumbukumbu, kesho draiva ya kadi ya picha, keshokutwa faili la mfumo limeharibika.

MJOMBA: Huo utofauti wenyewe ni dalili. Draiva mbovu ina tabia ya kurudia kosa lilelile mahali palepale. RAM inayokosea au umeme usiotulia humpiga yeyote aliyekuwepo wakati huo, ndiyo maana kila siku unaona maiti mpya.

MPWA: Kumbe basi ujumbe una maana! Umesema hivi punde tusiamini kitaa.

MJOMBA: Ujumbe unakuonyesha palipoangukia mtu. Aliyemsukuma hautamtaja. Nikukumbushe yaliyotokea kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14. Watu walikuwa wanafungua gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, zinajifunga na kuandika kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Mtu ana kadi ya picha yenye gigabaiti 24, anaambiwa kumbukumbu imekwisha! Kila mtu akaishuku kadi. Kumbe kosa lilikuwa kwenye prosesa. Gemu linapofunguliwa, prosesa ndiyo inayokunjua data zilizobanwa kabla ya kuzipeleka kwenye kadi. Prosesa ilikuwa inakosea hesabu katika kukunjua, kisha kosa likajitokeza likiwa limevaa nguo za kadi ya picha. Mwezi Aprili 2024 Nvidia yenyewe ikawa inawaelekeza wenye tatizo hilo kwa Intel. Sasa fikiria ni kadi ngapi nzima zilirudishwa madukani.

MWENYE DUKA: Hayo ndiyo ninayosema mimi kila siku.

MPWA: Hapana, mama, hayo ndiyo ninayosema mimi. Mjomba, umalizie hadithi yako. Prosesa za kizazi cha 13 zilianza kuuzwa Oktoba 2022. Intel ilikuja kukiri Julai 2024 kwamba programu ndogo iliyo ndani ya prosesa ilikuwa inaomba volti kubwa kupita kiasi, na kwamba prosesa zilikuwa zinaharibika kwa sababu hiyo. Agosti wakatoa marekebisho, wakaongeza waranti kwa miaka miwili zaidi, na wakasema wazi kwamba marekebisho hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kati ya Oktoba 2022 na Julai 2024 watu waliambiwa nini? Waliambiwa umekosea mipangilio, badilisha pawa saplai, feni yako haikukazwa vizuri. Baadaye zikalaumiwa mazabodi. Mnunuzi ndiye alikuwa mshukiwa namba moja, na mnunuzi hakuwa na kosa. Huu utaratibu wenu wa kuanza na mkono wa mjenzi ndio uliompa mwenye kiwanda nafasi ya kunyamaza.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika mjadala huu, na sijawahi kusikia fundi akiijibu kikamilifu. Kumshuku mjenzi kwanza kuna sababu nzuri: kebo ya pini nane ya prosesa isiyochomekwa, RAM isiyoingia mpaka ikalia, waya wa skrini uliochomekwa nyuma ya mazabodi wakati kadi ipo, kinguzo cha shaba kilichobaki kwenye kasha mahali pasipo na tundu la skrubu kikagusa mazabodi kwa nyuma na kufupisha njia ya umeme. Haya hayagharimu kitu kuyakagua. Lakini kuanza na mkono kwa kuwa ni rahisi ni jambo moja, na kuamini kwamba mkono ndio wenye kosa ni jambo jingine. Mafundi wengi huanza na la kwanza, wakaishia kwenye la pili bila kujua wamevuka mpaka.

MJOMBA: Nakubali kwamba Intel walichelewa. Lakini nikupe kisa kingine cha Intel haohao, uone kwa nini anayeanza kujishuku yeye mwenyewe ndiye anayeshinda kesi. Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Virginia. Alikuwa anatafuta namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili kama 11 na 13, anagawa moja kwa kila namba na kujumlisha majibu. Mwaka 1994 akaongeza kompyuta mpya yenye prosesa ya Pentium. Mwezi Juni akaona hesabu hazilingani. Angeweza kupiga kelele siku ileile. Badala yake akaishuku programu aliyoandika mwenyewe, kisha akaendelea kuondoa mshukiwa mmoja baada ya mwingine, mpaka mazabodi, mpaka Oktoba. Hesabu ileile kwenye prosesa ya zamani ya 486 ilitoka sawa. Kwenye Pentium nyingine ikakosea vilevile. Ndipo tarehe 24 Oktoba akawaeleza Intel, na tarehe 30 akawaandikia wenzake barua pepe. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kujaribu nyumbani: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382. Pentium ilijibu 1.33373. Desemba 20 Intel wakakubali kumbadilishia kila aliyetaka, na wakatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo. Hakushinda kwa sauti kubwa, mpwa. Alishinda kwa sababu kosa lilifuata prosesa popote ilipokwenda, na liliondoka prosesa ilipoondoka.

MPWA: Sawa, kosa lifuate kifaa. Hilo nimelishika.

MWENYE DUKA: Mimi sijalishika. Profesa alikuwa na 486 pembeni na Pentium za watu wengine za kujaribia. Huyu mwanangu ana kompyuta moja. Akitaka kujua kama RAM ni mbovu anatakiwa awe na RAM nyingine. Akitaka kujua prosesa, awe na prosesa nyingine. Huko Marekani mtu anaagiza kifaa cha pili, anajaribu, anarudisha ndani ya mwezi na fedha anarudishiwa. Hapa nani atamkopesha mazabodi? Ninyi mnamwambia mtoto athibitishe kama profesa, na mfuko wake mnaujua.

MPWA: Na bango lako linasema mali ikishauzwa hairudishwi.

MWENYE DUKA: Bango lile ni la waliobadili mawazo. Kibovu nakipokea.

MPWA: Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji, mama. Bango halifuti sheria.

MWENYE DUKA: Nami nina mtu juu yangu. Mwagizaji anayeniletea mzigo ananiuliza: kimeharibikaje, umekipimaje? Nikimwambia kijana amesema kitaa kimewaka, ananicheka. Kwa hiyo ninachokuomba wewe ndicho ninachoombwa mimi.

Mama huyu amefika kwenye kiini. Vitabu na video nyingi za kutafuta ubovu wa kompyuta zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kabati la spea. Kila hatua inasema jaribu nyingine unayojua ni nzima, kana kwamba nyingine ipo. Swali la kweli kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa ni hili: ndani ya kompyuta moja, bila kuazima kitu, kuna mashahidi wangapi? Nimemwachia mjomba alijibu kwa kirefu.

MJOMBA: Wapo zaidi ya unavyodhani. Kwanza itoe mashine yote kwenye kasha, iweke juu ya boksi la mazabodi. Hapo umeondoa vinguzo, umeondoa swichi ya kasha na nyaya zake. Ili kuiwasha unagusisha zile pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ikitulia hapo na ndani ya kasha ikasumbua, umekwisha kujua.

Pili, una RAM mbili. Kila moja ni shahidi wa mwenzake. Chomoa moja, ibaki moja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ile iliyoandikwa A2. Endesha Memtest86+ kutoka kwenye flashi, ni ya bure, na uiache usiku kucha. Kisha weka ya pili kwenye sloti ileile. Ikikosea hii na ile ikapita, na ukibadilisha sloti kosa likaifuata, hiyo ni RAM mbovu, na mama hana la kusema. Lakini zote mbili zikipita kwenye A2 na zote zikikosea kwenye B2, hapo usirudishe RAM. Angalia soketi ya prosesa. AM5 ina vipini 1,718 na viko kwenye mazabodi, vyembamba kama unywele. Kimoja kikipinda, sloti moja ya RAM inaweza kupotea. Hata feni ya prosesa ikikazwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine inaweza kuleta hayo.

MPWA: Na Memtest ikipita usiku kucha bila kosa, RAM imeachiwa huru?

MJOMBA: Haijaachiwa. Imepunguziwa tuhuma. Kosa moja likitokea linatosha kusema kuna ubovu katika njia ya RAM na prosesa. Usiku mzima bila kosa unakuambia tu kwamba usiku ule hukulikamata. Watu wanachanganya hayo mawili, kisha wanagombana na wenye maduka.

Tatu, prosesa yako hiyo ya 7600 ina picha yake ndani. Chomoa kadi ya picha kabisa, chomeka skrini nyuma ya mazabodi. Ukibana video kwa saa nzima na mashine haigandi, kadi au umeme unaoilisha ndiyo wa kuhojiwa. Ungenunua 7500F ungekosa shahidi huyu. Kwa Intel nako ni hivyo, zile zenye herufi F mwishoni hazina picha.

MWENYE DUKA: Zenye F ni bei nafuu, ndizo zinazoulizwa sana.

MJOMBA: Najua. Ule unafuu mtu anakuja kuulipa kwangu siku mashine ikigoma.

Nne, Windows na diski. Weka Linux kwenye flashi, iwashe kutoka hukohuko, usiguse diski. Ikiganda na huko, basi acha kufomati Windows kila siku, haihusiki. Hapo kila unachobadilisha kibadilishe kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike. Nimeona watu wanatoa RAM, wanabadili kebo, wanapandisha BIOS na kuhamisha diski kwa mkupuo. Mashine inapona, na hawajui walichoponya. Wiki ijayo inaumwa tena.

Yuko mmoja asiye na shahidi ndani ya kasha, naye ni pawa saplai. Ni moja tu, haina pacha, na inalisha kila mtu. Hiyo ndiyo ya kuazima.

Kuna jaribio ambalo vijana wanalipenda: unachomoa pawa saplai kwenye kila kifaa, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi kwenye plagi kubwa ya pini 24, feni ikizunguka wanasema nzima. Ningependa jaribio hili lipunguziwe heshima. Linathibitisha kwamba inawaka ikiwa haibebi chochote. Ukiweka mita na kusoma volti 12.1 umejua kidogo zaidi, maana kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6, lakini bado hujaiona ikibeba mzigo wa gemu. Kuifungua ndani kutafuta ubovu ni jambo la kumwachia mwenye ujuzi, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa ukutani.

MPWA: Nimefanya yote hayo ya RAM. Lakini kuna kitu sijawaambia. Kwenye BIOS niliwasha EXPO, ule mpangilio wa kuzipeleka RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Bila EXPO, RAM zinakwenda 4800. Nikiizima, mashine haigandi hata kidogo. Nikiiwasha ikafika 6000, matatizo yanarudi.

MWENYE DUKA: Ehee! Basi RAM ni nzima.

MPWA: Nzima vipi? Nimelipia 6000. Ukiniuzia gunia limeandikwa kilo 60, nikapima nikakuta 48, utaniambia mchele ni mzima?

MJOMBA: Hapo pana ahadi tatu, mpwa, usizichanganye. Aliyetengeneza RAM ameahidi 6000. AMD, kwa prosesa yako, wameahidi 5200. Zaidi ya hapo ni kuikimbiza kupita kiwango, na wao wenyewe wanasema hivyo. Mwenye mazabodi ana orodha yake ya RAM alizozijaribu. Je, hizi zako zimo?

MPWA: Sikuangalia.

MWENYE DUKA: Na mimi sikuulizwa.

MPWA: Mama, mimi sikuuza, nimenunua. Kwenye boksi hakuna maandishi kwamba 6000 ni bahati nasibu. Neno EXPO lenyewe ni la AMD, na limechapishwa kwenye pakiti ya RAM na kwenye boksi la mazabodi. Kila mmoja ananiuzia kasi, kisha kasi ikikosekana kila mmoja ananionyesha maandishi madogo ya mwenzake.

Katika hili nasimama na kijana, ila si kwa kila hali. RAM moja ikiwa peke yake kwenye A2 ikakosea kwa 6000, na mwenzake mahali palepale kwa kasi ileile ikapita, hiyo ni mbovu kwa kipimo cha ahadi iliyoandikwa juu yake, na mnunuzi anastahili nyingine. Habari za kwamba inafanya kazi kwa 4800 hazimhusu. Lakini kila moja ikipita peke yake kwa 6000, na zikiwa pamoja zinakosea, hapo sioni wa kumshtaki. Mdhibiti wa RAM aliye ndani ya prosesa ndiye pengine amechoka, naye hakuahidi zaidi ya 5200. Pandisha BIOS, jaribu tena, ikikataa ishushe hadi 5600, kisha uendelee na maisha yako. Tofauti hiyo kwenye gemu nyingi hutaiona kwa macho.

MJOMBA: Bado sijaridhika. Uliposema inaganda, je, kuna siku imezima ghafla na kujiwasha, bila skrini ya bluu?

MPWA: Ipo. Katikati ya gemu, kama mtu amechomoa waya.

MJOMBA: Hilo ni kosa jingine, usilitie kapu moja na la RAM. RAM ikikosea Windows kwa kawaida hupata nafasi ya kulalamika. Umeme ukikatika haipati. Ukifungua kumbukumbu za matukio utakuta Kernel-Power 41, na hiyo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, haikuelezi kwa nini. Umechomeka wapi?

MPWA: Kwenye UPS. Mtaani kwetu umeme unacheza.

MJOMBA: UPS ya wati ngapi?

MPWA: Imeandikwa 650.

MJOMBA: Hiyo 650 ni VA, soma ubavuni uone wati, utakuta ni chache zaidi. Prosesa na kadi yako vikikaza pamoja na skrini juu yake, unaigonga dari. Tena hizi za bei nafuu zikihamia kwenye betri hazitoi wimbi laini la umeme, na kuna pawa saplai za kisasa zisizolipenda wimbi lisilo laini, zinakata. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani siku umeme umetulia, cheza gemu lilelile. Ikidumu, umemwokoa mama na umeniokoa mimi.

MPWA: Na ikizima tena?

MJOMBA: Basi nitakuazima pawa saplai yangu. Ya kwako ni mpya?

MPWA: Nimeitoa kwenye kompyuta ya zamani ya rafiki yangu.

MWENYE DUKA: Mnaona sasa? Angekuja hapa kunidai mazabodi!

MPWA: Mama, kosa la RAM bado lipo palepale. Umeme hauwezi kujua kama EXPO imewashwa.

MJOMBA: Hapo amesema kweli, dada yangu. Makosa mawili kwenye mashine moja si ajabu, hasa mpya. Tatizo la watu ni kwamba wakipata la kwanza wanafunga jalada.

MWENYE DUKA: Haya. Mnataka nini kwangu? Semeni kitu ninachoweza kukifanya.

MPWA: Weka meza. Mazabodi moja ya AM5 imefunguliwa, prosesa iko juu yake, pawa saplai unayoiamini. Mtu akileta RAM, inachomekwa hapo, Memtest inaendeshwa mbele yake kwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Ikikosea unabadilisha siku hiyohiyo, na karatasi ya majibu ndiyo unayompelekea mwagizaji wako. Hapo wewe unakuwa na ile 486 ya profesa, na sisi wote tunaitumia.

MJOMBA: Hilo wazo zuri. Mimi nitakuja kuipanga bure, ilimradi na mafundi wengine waruhusiwe kuleta vya wateja wao.

MWENYE DUKA: Mazabodi iliyofunguliwa siwezi kuiuza tena kama mpya, mnalijua hilo? Na RAM ya gigabaiti 32 haimalizi kupimwa kwa saa moja. Nani anakaa hapa? Umeme wa nani?

MPWA: Ikionekana mbovu unalipa wewe. Ikionekana nzima nalipa mimi, ada uipange.

MWENYE DUKA: Nakubali. Na ikipita kwa 4800 na 5200, ikakosea kwa 6000, lakini kwa mazabodi yangu tu na si kwa yako?

MJOMBA: Hapo mtagawana.

MPWA: Mjomba!

MWENYE DUKA: Mwache, amesema vizuri. Ila ada ya nusu tutaijadili. Lete hizo RAM kesho kabla ya saa nne, wateja hawajajaa.